Kodi ya Kiwanja cha Sturgess

Yorkton, Saskatchewan
6 Januari 2021

Murdo,

Simu hupokei, kwa hiyo nakuandikia kwenye sanduku la barua la mchezo wetu wa kompyuta, ambalo najua unalichungulia kila asubuhi kabla hata hujapiga mswaki.

Chama kilikutana jana. Shauri lilikuwa moja. Jumapili uliweka taa za pango mnadani kwa nusu ya bei ya chini tuliyokubaliana, na siku tulipokubaliana wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuinua mkono. Kufikia jioni taa zangu zilikuwa zimekaa pale kama viatu vya marehemu, hakuna wa kuzigusa. Mchezaji anayeshuka mapangoni anataka taa kiunoni, basi. Akiona ya Murdo kwa nusu, ya Leona ataitakia nini?

Dhahabu ya taa unajua inakokwenda. Haiendi kununua farasi wenye mabawa kama wanavyofanya vijana. Kila mwisho wa mwezi mchezo unakata kodi ya kiwanja kwenye hazina ya chama, na isipotosha, kiwanja kinafutwa pamoja na kila kilichojengwa juu yake. Yaani Sturgess, mji wetu, ifutwe mara ya pili. Mara ya kwanza kampuni ilifunga mgodi ikaleta matingatinga, na hakuna aliyetuuliza. Mara hii atakuwa mtoto wa Sturgess mwenyewe.

Barabara ya Tatu tumeijenga upya humu mchezoni, nyumba kwa nyumba. Tess Laliberté alitugombeza mwezi mzima kuhusu ngazi za kanisa mpaka zikawa kama zilivyokuwa. Mzee Alphonse Durocher, huko kwenye nyumba ya wazee Prince Albert, anawashiwa kompyuta na muuguzi kila siku, anakwenda kukaa juu ya ziwa letu lililoganda na kuvua kwenye tundu la barafu. Hajapata samaki hata mmoja, kwa sababu hataki kuambiwa kwamba chambo kinanunuliwa. Hao ndio uliowauza kwa nusu bei.

Umefukuzwa uanachama. Tess aliuliza, "Leona, si tungemsikiliza kwanza?" Nikamwambia, "Tulimsikia Jumapili, dada. Alisikika mnada mzima." Na nilisema mbele ya wote, nairudia hapa usije ukasema hukuambiwa: Sturgess haihitaji hata sarafu yako moja.

Leona Wasyliw
Meya


Lethbridge, Alberta
8 Januari 2021

Bibi Meya,

Asante kwa kunihukumu wakati nimelala na mafua. Hata mwizi wa kuku huitwa akasimama mbele ya hakimu.

Unajua nilikuwa wapi mlipopiga kura? Nilikuwa mchezoni, kompyuta kitandani, ndani ya nyumba ya mama yangu, Barabara ya Tatu, napanga vyombo kwenye kabati. Mara nikajikuta nje ya lango, kwenye theluji, sahani mkononi. Mchezo huu haumsindikizi mtu. Unamtupa.

Sasa nisikilize, hata kama masikio yako yanauma. Uza taa zako. Zote, na zile za akiba kwenye hazina, kwa bei yoyote utakayopata. Mwezi wa pili linakuja sasisho. Nina watu wanaocheza kwenye seva ya majaribio, kule wenye mchezo wanakojaribia mambo kabla ya kutuletea sisi, nao wameniambia mapango yote yatakuwa na mwanga wake. Taa itakuwa pambo la kiunoni. Jumapili nilikuwa nauza zangu kabla hazijafa. Ndiyo, niliuza kwanza, na nilikusudia kusema baadaye. Ndivyo mfanyabiashara afanyavyo. Ningesema mkutanoni kama mngeniachia nifungue mdomo.

Dhahabu niliyopata ilikuwa ya kodi. Sasa sina pa kuiweka, maana hazina ya chama haipokei kitu kwa mtu wa nje. Basi nitaila mwenyewe, nikunjue miguu, nikuangalie.

M. Isbister


Yorkton
11 Januari 2021

Murdo,

Nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

Fununu za sasisho! Mimi, unaniletea mimi fununu za sasisho! Kila anayeuza mnadani anaujua mchezo huo: nong'ona kwamba bidhaa fulani inakufa, wenzako wakimbilie kuitupa, wewe uizoe kwa bei ya majivu. Na nani alinifundisha? Msimu ule wa makoti ya manyoya uliniambia, kwa sauti ya huruma kabisa, kwamba ngozi za mbwamwitu zinaondolewa. Nikauza makoti yangu yote kwa hasara. Wiki haikuisha nikayaona mnadani, mishono yangu mwenyewe, bei mara tatu, muuzaji Murdo Isbister. Nilipokupigia simu ulisema, "Hiyo ada ya shule, Leona. Usilie, umesoma."

Kweli nilisoma. Ndiyo maana leo asubuhi nimechukua akiba yote ya hazina, ukitoa kodi ya mwezi huu, nikanunua shaba na vioo, kila kilichokuwa mnadani. Nitatengeneza taa mpaka vidole vichoke. Wewe endelea kuzitupa zako. Ukimaliza, soko ni langu peke yangu na bei nitapanga mimi.

Seva ya majaribio! Wasalimie hao watu wako.

Leona Wasyliw
Meya


Lethbridge
4 Februari 2021

Leona,

Nimeshuka pangoni leo. Kweupe kama duka la dawa. Nimetembea mpaka chini kabisa, hadi kwenye lile ziwa jeusi, ambalo sasa si jeusi tena, nikakutana na vijana wanapigana na joka. Mmoja akaniona na taa kiunoni akasema, "Babu, hiyo ni ya mwaka gani?" Wakacheka wote, na joka likawaua kwa sababu ya kucheka. Angalau hilo lilinifurahisha.

Una taa ngapi? Usinijibu. Nimepita mnadani, nimeziona, zimepangwa ukurasa baada ya ukurasa na jina lako kwenye kila mstari. Umechukua akiba ya wazee wa Sturgess ukaigeuza chuma chakavu kwa sababu mwenye kukuambia ukweli alikuwa mimi.

Nimepita pia langoni kwenu. Najua siruhusiwi kuingia, ila barabara ni ya wote. Pale juu mchezo umeandika kodi ya mwezi huu na kiasi kilichopungua, kwa herufi ambazo hata mimi nazisoma bila miwani. Kila mpita njia anaona. Wengine husimama, wakaguna, wakaenda zao.

Umeya mzuri huo.

M. Isbister


Yorkton
17 Februari 2021

Murdo,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Kazi ya kuuza taa.

Umesoma vizuri. Taa. Zinauzika! Naweka, kesho yake nakuta hazipo. Naweka tena, hazipo tena. Siku za kwanza nilikuwa naogopa hata kufungua ukurasa wa mnada. Sasa nafungua huku nachekelea. Sasisho lako limekuja, ndiyo, sikatai, mapango yana mwanga. Na watu bado wanataka taa ya Leona Wasyliw. Nadhani wanazitundika majumbani kwao. Kitu kilichotengenezwa vizuri hakingoji ruhusa ya mapango. Hilo wewe huwezi kulijua, kwa sababu zako zilikuwa na vioo vya rangi ya mkojo.

Kodi ya mwezi huu tayari tumeipata, siku kabla ya kukatwa bado zipo. Ukipita langoni usimame usome na hiyo.

Alphonse alinishika njiani jana. "Murdo yuko wapi? Simwoni."

"Amehama."

"Amehama kwenda wapi?" akasema. "Sisi wote tumeshahama. Hakuna pengine pa kuhamia."

Nikamwacha pale. Nilikuwa na haraka ya kwenda mnadani.

Leona Wasyliw
Meya


Lethbridge
20 Februari 2021

Bibi Meya,

Hongera. Dunia haijawahi kukosa wapumbavu, na sasa wote wamejipanga mbele ya meza yako.

Ila hujui kuuza. Hujawahi kujua. Wewe ni fundi. Mimi nilikuwa natazama bei na wewe unatazama mishono, na tulikuwa sawa hivyo. Ukipata mnunuzi anayemaliza taa zako zote kila siku, maana yake bei yako ni ya kujidhalilisha. Mkamue. Pandisha bei leo, pandisha tena kesho, mpaka aache. Na acha kuziweka moja moja; ada ya kuweka inakula faida. Weka mafungu. Mwezi wa tatu una kodi kubwa kuliko huu kwa sababu ya ule uwanja wa barafu mlioupanua bila kuniuliza. Umepiga hesabu? Hujapiga.

Mimi nimeachana na taa, nashona makoti. Soko la makoti ni langu sasa, usijaribu kusogea.

Na usinitajie Alphonse katika barua zako. Si haki.

M. Isbister


Yorkton
11 Machi 2021

Murdo,

Kuna mama wa Nova Scotia anayeuza dawa za majeraha, meza zetu za mnada huwa zinapakana. Juzi nilimuuliza, hivi hivi tu, kwa kujisifu: "Kwani wewe ukiuza taa, zinakwenda haraka kama zangu?"

"Taa?" akasema. "Dada, hakuna anayenunua taa tangu sasisho. Mimi zangu nimeziyeyusha. Za kwako tu ndizo zinaondoka. Sisi huku tunasema una kichaa wako."

Sikupata usingizi. Jana nikafanya jaribio, na jaribio hilo nimejifunza kwako. Nikaziondoa taa zangu zote mnadani. Nikaacha moja, peke yake, na bei yake nikaiandika sawasawa na kiasi kilichopungua kwenye kodi ya mwezi huu, kama kilivyo langoni, bila kupunguza sarafu. Bei ya merikebu, Murdo. Mtu anayekusanya bidhaa ili auze baadaye hawezi kuigusa taa hiyo. Mpumbavu naye hawezi, kwa sababu hata wapumbavu hawana dhahabu ya kiasi hicho.

Ilinunuliwa chai yangu ikiwa bado moto.

Mchezo hauonyeshi jina la mnunuzi, nawe ulilitegemea hilo. Lakini nani mwingine anasimama langoni kwetu kusoma kodi? Nani aliniandikia nipandishe bei?

Wiki zote hizi nimetamba mbele ya Tess, nimetamba mkutanoni, nimekutambia wewe, na wewe umekaa Lethbridge unanunua takataka zangu na kunisoma. Umenifanya mama wa kutupiwa sadaka, tena bila kujua kwamba natupiwa. Wizi una heshima kuliko hilo. Ungeniibia ningekuelewa.

Nilisema Sturgess haihitaji sarafu yako. Sikusema nikiwa natania. Dhahabu ya ile taa moja imo ndani ya barua hii. Fungua, chukua, potea.

Leona Wasyliw


Lethbridge
13 Machi 2021

Leona,

Kidole kiliteleza. Nilidhani ile bei ni ya fungu zima, si ya taa moja. Makosa hayo hutokea. Muulize yeyote mnadani.

Na hizo nyingine nilizinunua kwa biashara. Nimepata habari kwamba sasisho lijalo litarudisha giza mapangoni. Nilikuwa nakusanya soko, na wewe ulikuwa unauza kwa bei ya kuchekesha. Zimejaa ghalani kwangu mpaka mlango haufungi. Sadaka! Nani akupe wewe sadaka? Mtu anayetaka kukupa kitu si anakutumia tu kwa barua?

Dhahabu yako sijaigusa. Nimebonyeza "rudisha kwa mtumaji". Ukiituma tena nitairudisha tena, na nina muda kuliko wewe.

M. Isbister


Yorkton
22 Machi 2021

Murdo,

Unanirushia tena fununu za sasisho, ile ile ya zamani, sasa imegeuzwa nje ndani. Miaka yote niliyokuona mnadani kidole chako hakijateleza hata kwenye sarafu moja.

Hukunitumia kwa barua kwa sababu ulijua ningerudisha. Hukumtumia Tess kwa sababu Tess hana mdomo wa kufunga. Njia iliyobaki ilikuwa moja, na uliitumia.

Basi hali ni hii. Dhahabu uliyoirudisha imekaa kwenye sanduku langu, siiweki kwenye hazina. Taa hazina mnunuzi, na wewe nimekuzuia kwa kutoweka hata moja. Makoti umeyakalia. Kodi inakatwa tarehe thelathini na moja. Niliwaeleza jana kwenye mkutano wa simu.

Tess akasema, "Subiri kwanza. Dhahabu ipo?"

"Ipo, lakini si yetu."

"Iko wapi?"

"Sandukuni kwangu."

"Kwa hiyo Sturgess inafutwa, na dhahabu ya kodi iko sandukuni kwako, kwa sababu nyinyi wawili hamuwezi kusalimiana?"

Nikamwambia ni suala la kanuni. Akasema, "Leona, mimi nilizaliwa kwenye mji ule, nikaolewa kwenye kanisa lile. Nenda huko na kanuni zako." Akakata. Hajawahi kunikatia tangu tukiwa wasichana.

Nakupa nafasi moja. Andika kwa mkono wako kwamba ulivunja bei ya chini, kwamba hukutuambia kwa wakati, na kwamba ulinunua taa kwa ajili ya mji na si kwa ajili ya kunicheka. Mistari mitatu tu. Ukiandika, nitaitisha kura urudi, na utaweka dhahabu yako kwenye hazina mbele ya watu, mchana kweupe. Usipoandika, utakuwa umeufuta wewe.

Leona Wasyliw
Meya


Lethbridge
25 Machi 2021

Leona,

Hutaipata mistari hiyo.

Unataka nipige magoti ndipo dhahabu yangu iwe safi kwa mikono yako. Mimi sikupigia magoti kampuni, sitakupigia wewe. Niliuza taa kabla hazijafa. Kila muuzaji aliyekuwa na akili alifanya hivyo. Uliambiwa, ukakataa kusikia. Unasema ni kwa sababu niliwahi kukudanganya kwenye makoti. Sawa, nilikudanganya. Biashara. Lakini aliyechukua akiba ya wazee akanunua shaba si mimi.

Nitakueleza jambo moja, kisha sitarudia. Mama yangu alifia hapa Lethbridge, na siku zake za mwisho alikuwa akiniuliza kitu kimoja: kama tulifunga maji nyumbani kabla ya kuondoka, kwa sababu mabomba yataganda yapasuke. Nyumba ilikuwa imeshasagwa na tingatinga miaka mingi. Nilimjibu tulifunga. Aliniuliza tena baada ya chakula, nikamjibu tena. Ile nyumba ya Barabara ya Tatu niliijenga peke yangu, hakuna aliyenisaidia hata kubeba ubao, na ndani yake kuna bomba lenye kifungio, ingawa mchezo wenyewe hauna habari na maji. Wewe ukanitoa humo kwa kura, nikiwa naumwa.

Sasa niambie, kati yetu wawili nani anayedaiwa maneno.

Acha ufutwe. Nimeshawahi kuiona Sturgess ikipotea kwenye kioo cha nyuma cha gari, nikiwa kijana na nguvu zangu, na sikufa. Tatizo lako ni kwamba hutaki mji. Unataka umeya.

M. Isbister


Yorkton
30 Machi 2021

Murdo,

Mwaliko wa uanachama umo kwenye sanduku lako, chini ya barua hii. Sikuitisha kura. Nimesoma kanuni za chama usiku kucha kutafuta mahali panaponikataza, sikupata.

Usije ukadhani ni msamaha. Ulivunja bei ya chini na kesho ungeivunja tena ukiona faida. Makoti yangu sijayasahau. Na hili la mama yako usingeniandikia. Lilikuwa pigo la chini, nawe ulijua, na ulilitunza mpaka mwisho kama unavyotunza bidhaa hadi bei ipande.

Lakini nilikwenda kuitazama hiyo nyumba. Meya ana ufunguo wa nyumba zote. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, na nikakumbuka mama yako alivyokuwa akitufukuza na ufagio tukiingia na viatu vyenye theluji, na nikaona kwamba nimekaa na viatu. Nikatoka.

Mwaliko unakufa kesho mchezo ukifungwa kwa matengenezo. Kodi inakatwa wakati huo huo. Kitufe cha kukubali kiko kushoto. Siombi.

Leona Wasyliw


Lethbridge
31 Machi 2021

Leona,

Nimekubonyezea kitufe chako.

Nimeweka kodi ya mwaka mzima, si ya mwezi. Usiniulize ilitoka wapi. Makoti yananunulika kwa anayejua kuuza. Sikufanya hivyo kwa ajili yako. Mwaka mzima ni ili nisilazimike kusoma barua zako kila mwisho wa mwezi.

Baada ya hapo nimejitoa mwenyewe kwenye chama. Nimetoka kwa miguu yangu, kupitia langoni, taratibu, nikiwaangalia. Mara ya kwanza ulinitupa. Nilitaka angalau mara moja niondoke Sturgess kwa hiari yangu, siku niliyochagua mimi. Na siwezi kukaa chini ya umeya wako hata kwa dakika tano. Nilijaribu, nikahesabu, zilikuwa nne.

Makoti yangu yako mnadani. Usiyaguse.

M. Isbister


Yorkton
2 Aprili 2021

Murdo,

Tumepona. Tess amenipigia, analia na kunitukana kwa pamoja. Kwako amesema neno ambalo sitaliandika, lakini lilikuwa zuri.

Sasa sikia ulichonifanyia. Mchezo una desturi nisiyoijua, kwa kuwa chama chetu hakijawahi kuwa na dhahabu ya kutosha kuijua: mtu akilipa kodi ya mwaka kwa mkupuo, jina lake linachongwa kwenye nguzo ya lango. MURDO ISBISTER, kwenye jiwe, kubwa kuliko jina la mji. Si mwanachama, umefukuzwa na umejitoa, na kila anayeingia Sturgess anapita chini yako.

Nimejaribu kulifuta. Hakuna kitufe. Nimewaandikia wenye mchezo, wamejibu kwa adabu kwamba jina halitoki ila kiwanja kifutwe. Kwa hiyo utabaki hapo, na mimi nitakuwa nakuona kila nikienda mnadani. Nakuchukia kwa hilo kwa moyo wangu wote.

Alphonse alisimama chini ya nguzo leo, kwa muda mrefu. Unakumbuka kule kwetu majina yaliyochongwa kwenye jiwe lililokuwa mbele ya mgodi, na ni akina nani waliochongwa pale: waliofia chini. Akanigeukia. "Murdo amekufa lini? Mbona hamkuniambia?"

Nikamwambia, "Hajafa, mzee. Yupo. Anauza makoti."

"Anauza vizuri?"

"Bei zake ni za kinyama."

"Basi mwambie apunguze," akasema, "au aje nimwambie mwenyewe."

Nimekuambia.

Leona Wasyliw
Meya